Uwanja wa ndege ukipanuliwa, foleni inatoka wapi hasa?

#1 Mpita Njia
Wakuu, salaam. Nimekuwa nikisoma mipango ya upanuzi wa viwanja vya ndege, ya huku na kule, na kuna hoja inajirudia karibu kila mpango: abiria wataongezeka maradufu, ila magari yataongezeka kidogo tu kwa sababu kutakuwa na treni. Mimi siamini. Watu mara mbili, mizigo mara mbili, wafanyakazi juu, halafu barabara ibaki vile vile? Msimamo wangu: ukipanua uwanja umepanua foleni, na wanaoandika hiyo mipango wanalijua. Mwenye hesabu tofauti aiweke hapa.

#2 Kisiki
Nimekaa siti ya mbele. Endeleeni.

#3 Hesabu Kali
Mkuu Mpita Njia, unaruka hatua. Idadi ya abiria haigeuki magari hivi hivi, inapitia vichujio.

Cha kwanza, abiria wa kuunganisha. Anashuka ndege hii, anapanda ile, lami haigusi. Na kwenye takwimu huyo huyo anahesabiwa mara mbili, anaposhuka na anapopanda. Uwanja wa Atlanta kule Marekani unapitisha abiria zaidi ya milioni 100 kwa mwaka, lakini sehemu kubwa yao hawatoki nje ya jengo. Cha pili ni saa. Uwanja wa abiria milioni 10 kwa mwaka ni kama watu 27,000 kwa siku, ila barabara haielemewi na siku nzima, inaelemewa na saa moja mbaya. Ndege nyingi zikiondoka alfajiri, abiria wake wanapita wakati mji umelala. Cha tatu ni usafiri wenyewe: treni, basi, gari la mtu, teksi.

Kwa hiyo viwanja viwili vyenye abiria sawasawa vinaweza kuwa na foleni tofauti kabisa. Swali la "abiria wangapi" ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote.

#4 Dereva Mkongwe
Hesabu Kali umeongea vizuri ila umeruka jambo ambalo sisi wa usukani tunaliishi. Chukua msafiri mmoja, safari moja, kwenda na kurudi.

Akiendesha gari lake akaliacha kwenye maegesho: gari limepita barabarani mara mbili. Basi.
Akisindikizwa na shemeji: shemeji anampeleka, anarudi peke yake. Siku ya kumpokea anakuja peke yake, wanarudi wote. Mara nne.
Akichukua teksi: inategemea kama dereva atapata abiria wa kurudi naye. Pale ninapofanyia kazi, teksi za mjini tunaruhusiwa kushusha tu, kupakia ni za chama cha pale uwanjani. Kwa hiyo mimi narudi mtupu, na wao wakipeleka mtu mjini wanarudi watupu. Mara nne tena, na dereva mbavu zinamuuma.

Sasa mpangaji akisema "tutapunguza maegesho ili watu waache magari nyumbani", wengi hawaendi kwenye basi. Wanakwenda kwa shemeji.

#5 Mpita Njia
@Dereva Mkongwe asante, hii ya mara nne sikuwahi kuifikiria. Hesabu Kali, jibu hapo.

#6 Hesabu Kali
Ni kweli na iko kwenye vitabu. Ndiyo sababu mpango makini hauishii kusema "gari" na "usafiri wa umma", unatenganisha gari la kuegeshwa na gari la kushusha. Mpango ukiwa na jedwali lenye mistari miwili tu, ufunge.

#7 Zamu ya Usiku
Mnazungumza abiria abiria. Sisi tunaofanya kazi humo ndani tunafikaje, kwa ungo?

Abiria wa kawaida anaonekana uwanjani mara chache kwa mwaka. Mimi naonekana kila siku ya zamu. Zamu yangu inaanza saa kumi alfajiri, treni ya kwanza inafika saa kumi na moja na nusu. Nipande nini? Kwa hiyo naendesha, peke yangu, kama wenzangu karibu wote wa kitengo chetu. Maegesho ya wafanyakazi yako mbali, unaegesha, unasubiri basi dogo la kukuzungusha hadi geti la ukaguzi, unavua mkanda, unavua viatu, ndiyo uingie. Siku basi hilo likichelewa tunaandikiwa barua. Mwajiri simtaji.

Wakati wa upanuzi walituletea dodoso: "Je, ungependa kuja kazini kwa baiskeli?" Saa tisa usiku. Kandokando ya barabara ya malori.

#8 Kisiki
Ungejibu ndiyo, labda wangekupa kofia.

#9 Mchumi Jioni
Zamu ya Usiku amegusa penyewe. Kuna kipimo ambacho umoja wa viwanja vya ndege wa Ulaya uliwahi kukitumia: takriban ajira 950 ndani ya uwanja kwa kila abiria milioni moja. Kiweke kwenye mfano wa Hesabu Kali wa milioni 10: ajira 9,500. Tuseme kwa siku wanaingia kazini 6,000, kila mmoja anakuja na kurudi, hizo safari 12,000. Abiria walikuwa 27,000. Ondoa robo wa kuunganisha, wanabaki kama 20,000, na hao wanabanana wawili watatu kwenye gari moja au wamo ndani ya basi. Wafanyakazi kila mtu na lake. Ukihesabu magari badala ya vichwa, makundi haya mawili yanakaribiana. Na mipango mingi inampa mfanyakazi aya moja mwishoni.

#10 Ramani ya Zamani
@Mchumi Jioni hicho kipimo ni cha Ulaya na ni cha miaka ya 2000 mwanzoni. Mashine za kujihudumia na ndege za nauli nafuu zimekishusha. Usikivae kila mahali.

#11 Mchumi Jioni
Kishushe hadi 600 ukipenda. Bado ni watu wengi kuliko hiyo aya moja.

#12 Jirani wa Geti
Habari zenu. Mimi siyo mtaalamu, ni mkazi. Nyumba yetu iko barabara ya pili kutoka geti la uwanja na nitawaambia foleni inatoka wapi: inatoka kwa wanaosubiri.

Uwanja ulipoanza kutoza wanaoshusha abiria mlangoni, na maegesho ya muda mfupi yakapanda, mtaa wetu ukageuka chumba cha kusubiria. Kuanzia jioni magari yamepanga upande mmoja, taa za dharura zinawaka na kuzima, dereva simu imesimama kwenye dashibodi anaangalia kale kandege kadogo kanavyosogea kwenye ramani. Kandege kakigusa ardhi, injini zinawashwa kwa pamoja, wote wanataka kugeuza kwenye kamtaa ka gari moja. Nikiwa natoka na mtoto kwenda hospitali hakuna anayerudi nyuma. Chupa tunaokota sisi asubuhi.

Hakuna hesabu ya uwanja inayotuona, kwa sababu magari hayo hayajaingia uwanjani.

#13 Dereva Mkongwe
Pole Jirani. Dawa yake ipo na siyo ghali: eneo la bure la kusubiri, lenye choo, nje kidogo ya njia kuu, dereva anakaa hadi apigiwe simu. Viwanja vingi vya Marekani vinayo. Tatizo ni kwamba halimwingizii mtu hela.

#14 Mchumi Jioni
Hapo umegusa mfuko. Maegesho ni moja ya vyanzo vikubwa vya mapato ya uwanja nje ya ada za ndege. Mtu yule yule anayeahidi kupunguza magari ndiye anayekodisha nafasi ya kuyaweka. Treni ikifanya kazi vizuri sana, mhasibu wake ananuna.

#15 Kisiki
Ndiyo maana treni zinachelewa kujengwa 😀

#16 Ramani ya Zamani
Kisiki unatania, ila tazama tarehe. Istanbul ilihamia uwanja mpya Aprili 2019, metro (treni ya mjini) ikafika Januari 2023. Uwanja wa Dulles kule Virginia, Marekani, ulifunguliwa 1962, metro imefika Novemba 2022. Watu wakishazoea gari miaka yote hiyo, na wameshanunua nyumba kulingana na gari, treni inakuja kuwabembeleza.

Waliofanya kinyume: Hong Kong, treni ya uwanja ilifunguliwa siku moja na uwanja wenyewe, 6 Julai 1998. Oslo hivyo hivyo, Oktoba 1998, treni ya kasi tangu siku ya kwanza, na hadi leo wengi wa abiria wake wanafika kwa usafiri wa umma.

#17 Reli Kwanza
Marekebisho kidogo hapo Oslo. Siku ya kwanza treni ilikuwepo ila handaki la Romeriksporten halikuwa tayari, lilivuja maji wakati wa ujenzi na likafunguliwa Agosti 1999. Miezi ya mwanzo treni zilipita njia ya zamani, taratibu. Hata hivyo watu walipanda.

Na kwa wapenda vioja: Berlin Brandenburg ilitakiwa ifunguliwe 2012, ikafunguliwa 31 Oktoba 2020. Kituo cha treni chini ya jengo kilikuwa kimekamilika muda wote huo, kwa hiyo walipitisha treni tupu ili hewa isogee chini kule. Treni bila abiria, kwa uwanja usio na ndege.

#18 Kisiki
Hizo ndizo treni ambazo hazijawahi kulalamikiwa msongamano.

#19 Mpita Njia
Turudi. Nimeelewa: mara nne, wafanyakazi, wanaosubiri, treni kuchelewa. Mbona vyote vinanipa mimi haki? Ukipanua, foleni inapanuka.

#20 Hesabu Kali
Hapana. Vinasema inaweza kupanuka. Heathrow, uwanja wa London, ndiyo kesi ya kusoma. Uchunguzi wa hadharani wa jengo lake la tano la abiria ulianza 1995 ukaisha 1999, kibali kikatoka 2001, jengo likafunguliwa Machi 2008. Kikwazo kikubwa kilikuwa barabara, ndiyo maana waliwekewa ukomo wa safari za ndege 480,000 kwa mwaka.

#21 Ramani ya Zamani
Ukomo wa 480,000 ulihusu kelele, siyo barabara. Upande wa barabara walibanwa kwa idadi ya nafasi za maegesho, M25, barabara kuu inayoizunguka London, ikapanuliwa pale jirani na kikajengwa kipande cha kuingia moja kwa moja kwenye jengo jipya. Usimpe ndege kosa la gari.

#22 Hesabu Kali
Vyovyote vile, ukomo ni ukomo, ndege pungufu abiria pungufu.

#23 Ramani ya Zamani
Hata hiyo hapana. Ndege zimekuwa kubwa na zinajaa zaidi, abiria wamepanda chini ya ukomo ule ule. Ukidhibiti ndege hujadhibiti watu.

#24 Nyuki wa Mjini
Ngoja niwaletee mchezo wa asilimia, kwa sababu ndipo watu wanapopigwa. Sera ya viwanja vya ndege ya Uingereza ya 2018, ile ya njia ya tatu ya kurukia Heathrow, iliweka lengo: angalau asilimia 50 ya abiria wafike kwa usafiri wa umma ifikapo 2030, na 55 ifikapo 2040. Inapendeza.

Sasa fanya hesabu ya uwanja wa kubuni. Leo abiria milioni 80, asilimia 40 kwa umma: waliobaki kwenye magari ni milioni 48. Kesho milioni 130, asilimia 50 kwa umma: kwenye magari milioni 65. Lengo limefikiwa, picha imepigwa, na barabarani wameongezeka milioni 17. Mpango ukiniahidi asilimia naurudisha. Niahidi idadi ya magari saa mbili asubuhi kwenye makutano fulani, na useme nini kitatokea ikizidi.

#25 Mpita Njia
Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Asante sana Nyuki.

#26 Hesabu Kali
Nyuki uko sahihi kwa hesabu, ila kwa haki yao: Heathrow kwenye mpango ule waliahidi pia kwamba magari yanayohusiana na uwanja hayataongezeka kwa jumla, na sera hiyo hiyo ina lengo la kukata safari za gari za wafanyakazi kwa asilimia 25 ifikapo 2030 na 50 ifikapo 2040, kulinganisha na 2013. Ahadi ya idadi ipo. Utekelezaji ndiyo ubishi mwingine.

#27 Zamu ya Usiku
Kwa hiyo kuna mahali mfanyakazi kapewa zaidi ya aya. Nahamia huko.

#28 Lori Kubwa
Hamjataja mzigo hata mara moja na uzi umefika hapa. Tazameni pembeni ya uwanja wowote uliokua: maghala. Ya vipuri, ya dawa, ya maua, ya vifurushi vya mtandaoni. Hayo hayasubiri ndege tu. Yakishakaa pale yanahudumia mji mzima kwa barabara, na mengine hayahusiki na ndege kabisa, yamefuata ardhi na barabara nzuri. Tathmini ya uwanja inahesabu abiria, tathmini ya kila ghala inahesabu lake peke yake na kusema "ongezeko ni dogo". Madogo thelathini hayo.

Halafu kuna mzigo wa ndege usiopanda ndege. Ulaya malori yanatembea na namba ya safari ya ndege kabisa, hati ya anga, shehena inatoka uwanja mmoja hadi mwingine kwa lami. Mimi nimeendesha. Nilikuwa rubani wa matairi kumi na nane.

#29 Kisiki
Kapteni Lori, tunaomba mikanda ifungwe.

#30 Reli Kwanza
@Lori Kubwa umefungua mlango mzuri. Katika magari yote kwenye barabara ya uwanja, mangapi yanakwenda uwanjani? Mara nyingi barabara ile ni ya mji pia: watu wa shule, wa kazini, wa mikoa mingine. Uwanja unalaumiwa kwa foleni ambayo nusu yake ingekuwepo hata bila ndege.

#31 Jirani wa Geti
Njoo mtaani kwetu ukaniambie hao ni wa shule. Saa tano usiku.

#32 Reli Kwanza
Sijasema mtaani kwako, Jirani. Nasema barabara kuu.

#33 Nyuki wa Mjini
Dulles walijaribu kutenganisha hayo mawili. Kuna barabara ya kuingia uwanjani tu, haina tozo, iko katikati, na pembeni yake barabara ya kulipia kwa wakazi tangu 1984. Watu wakafanyaje? Anayekwepa tozo au foleni anachukua ya bure, anaingia hadi uwanjani, anageuza, anatoka kama abiria aliyetua. Wakapiga marufuku na ukikamatwa unalipa faini. Uwanja ukawa mzunguko wa kugeuzia magari.

#34 Dereva Mkongwe
Hao madereva nawaelewa.

#35 Mchumi Jioni
Ndiyo maana mimi hoja ya "tupanue barabara kwanza" siinunui. Katy Freeway ya Houston ilipanuliwa hadi ikawa moja ya barabara pana kuliko zote duniani, kazi ikaisha 2008, na baada ya miaka michache saa za asubuhi na jioni zikawa mbaya tena. Nafasi mpya inaita waliokuwa wanapita kwingine, waliokuwa wanaondoka mapema, na waliokuwa wanapanda basi. Kwa uwanja ni zaidi: barabara nzuri ya uwanja ndiyo inayowaita maghala ya Lori Kubwa.

#36 Lori Kubwa
Ukiacha kupanua malori hayapotei, yanapita kwa Jirani wa Geti. Chagua.

#37 Ramani ya Zamani
Kuna hatari ya upande wa pili ambayo hamjaigusa: kupanga ukuaji usiokuja. Uwanja wa Mirabel, nje ya Montréal kule Kanada, ulifunguliwa 1975 ukitarajiwa kuwa mkubwa ajabu. Barabara kuu namba 13 haikufikishwa, treni haikujengwa, abiria wakaukimbia, ndege za abiria zikakoma 2004 na jengo likabomolewa. Barabara ilimuua.

#38 Reli Kwanza
Barabara peke yake haikuua, mkuu. Uwanja wa zamani wa Dorval ulibaki na safari za ndani, kwa hiyo anayeunganisha alilazimika kuvuka mji kwa basi. Na ndege za masafa marefu hazikuhitaji tena kutua Montréal njiani, biashara ikaenda Toronto.

#39 Ramani ya Zamani
Ungekuwa na treni ya dakika ishirini kati ya viwanja viwili, Dorval kubaki kusingeuma. Kwa hiyo tunarudi kwenye barabara na reli.

#40 Reli Kwanza
Au tunarudi kwenye kukosea utabiri. Kila mmoja anavuta kamba kwake.

#41 Dereva Mkongwe
Nyie mnapima barabara kuu, mimi nawaambia foleni inaanzia mlangoni. Simameni sehemu ya kushushia dakika kumi tu mtazame. Gari linasimama. Hakuna anayeshuka. Wanatafuta pasipoti. Imepatikana. Buti linafunguliwa, begi kubwa limekwama chini ya dogo. Kukumbatiana. Mtoto anataka kuagwa tena. Picha. Picha imetoka vibaya, nyingine. Dereva anarudi ndani, anafunga mkanda, anaangalia ujumbe kwenye simu, ndiyo anaondoka. Nyuma yake wamesimama ishirini, na nyuma ya hao mkia umefika kwenye mzunguko, na mzunguko ukiziba hata anayekwenda shambani haendi. Unaweza kuweka njia nane huko nje, mlango ni ule ule.

#42 Hesabu Kali
Sahihi. Uwanja wa Los Angeles, hicho ndicho kilichowafanya Oktoba 2019 watoe teksi na magari ya programu za simu mbele ya majengo, abiria akapelekwa kwa basi kwenye eneo la pembeni kupanda huko. Malalamiko yalikuwa mengi siku za mwanzo, ila mlango ulipumua.

#43 Zamu ya Usiku
Na abiria akiogopa foleni anatoka nyumbani mapema zaidi. Mimi nawaona: ndege ya saa tatu asubuhi, yeye yuko kwenye viti saa kumi na moja amelalia begi. Haogopi foleni ya kila siku, anaogopa ile moja itakayomwachisha ndege. Kwa hiyo hata wastani ukishuka, watu wataendelea kuja saa zile zile za zamu yetu.

#44 Mpita Njia
Basi naongeza swali. Magari yasiyo na dereva yakija, hali itakuwaje? Wengine wanasema maegesho hayatahitajika kabisa.

#45 Nyuki wa Mjini
Gari litakushusha, litarudi nyumbani tupu. Litakuja tupu, litakuchukua. Ile hesabu ya #4 ya mara nne, na safari hii hata shemeji hayumo. Isipokuwa yawe ya kushirikiana, yashushe na kupakia hapo hapo. Hapo inaweza kushuka mpaka mbili.

#46 Hesabu Kali
Yakiruhusiwa kupakia. Chama cha teksi cha Dereva Mkongwe kinaweza kuwa na maoni.

#47 Dereva Mkongwe
Siyo chama changu, ni chao. Na hilo gari lisilo na mtu, ndege ikichelewa, litasubiri wapi?

#48 Jirani wa Geti
Msianze.